Mlima Niliomchagulia Thuraya

Ziwa langu la kushoto halipo tena. Naanza na hilo ili usisome mpaka mwisho ukitafuta kama nilipona au vipi. Nimepona, alhamdulillahi, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kusema amepona. Nywele zimerudi, nyeupe na laini kama za mtoto mchanga. Wali nnakula. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu kwa sababu vyengine bado vina ganzi. Skuli nilisoma kidogo, Unguja, nikatolewa nikaozwa, kwa hivyo anayetaka maneno ya kidaktari akamuulize daktari. Mimi nnamwandikia yule aliyekaa chumba cha kungojea sasa hivi, anajifanya kusoma tangazo la ukutani na hata herufi haioni.

Vaa soksi. Hilo la kwanza. Nje Maskati inaungua, ndani kile chumba kina baridi ya kuhifadhia samaki, na damu ya mgonjwa haina moto. La pili, usikae karibu na mlango. Kila ukifunguliwa moyo utaruka ukidhani umeitwa wewe. La tatu ntakwambia mbele, maana linataka maelezo, na ndani yake mna mlima wa theluji.

Kivimbe nilikigundua mwenyewe nikioga. Kigumu kama kokwa ya tende, hakiumi, kimejikalia. Nikanyamaza nacho msimu mzima wa tende, najiambia kitaondoka kama kilivyokuja. Hakikuondoka. Nikamwambia binti yangu Zuweina, ambaye nnakaa kwake Khuwair ya Kusini. Zuweina alilia kwanza, kisha akachukua funguo za gari. Ndivyo alivyo mwanangu. Machozi hayamzuii kuendesha.

Tukapimwa, tukangoja. Nikachomwa sindano ya kutoa kinyama, tukangoja. Daktari akasema ni saratani, itaanza dawa ya dripu kwanza ili kivimbe kinywee, kisha watakata, kisha mionzi. Zuweina akawa anaandika. Mimi niliangalia viatu vya daktari, vilikuwa na vumbi, nikafikiri huyu naye mkewe hamwangalii. Mtu akipewa habari kama ile akili yake hujificha popote. Usijilaumu.

Kabla sijaendelea lazima nimsifu mjukuu wangu, na asiyependa kusikia bibi akisifu aruke mistari. Thuraya ni mtoto wa Zuweina, mhandisi wa barabara, kazi yake wizarani, hapo hapo Khuwair. Mzuri, mrefu, ana adabu, na anateleza kwenye theluji. Usicheke. Alianza mdogo kule Dubai, kwenye lile jumba lao la theluji ya kutengeneza, tukidhani ni mchezo wa likizo. Alipopelekwa Uswisi kusoma, akaipata theluji ya Mungu, akaingia mpaka akawa anawafundisha waliozaliwa nayo. Ana picha moja, mtandio ndani ya kofia ngumu, miguu imefungwa mbao mbili ndefu, nyuma yake mlima umekatika kama umekatwa kwa kisu. Picha ile nimemuonesha sista, nimemuonesha bawabu, nimemuonesha mtu wa kuleta maji ya kunywa. Kila mwaka baridi ya Ulaya ikiingia, Thuraya na wenzake wa kuteleza hutafuta mlima mpya, na hurudi uso umeungua na macho yanawaka.

Dripu ya kwanza alinipeleka yeye. Dawa ikiingia mkononi unahisi kama maji ya barafu yanapanda mshipani. Niling'ata mtandio.

"Inauma, Bibi?"

"Haiumi. Inanipa baridi."

"Basi njoo nikuoneshe baridi ya kweli." Akanifungulia milima kwenye simu.

Kiti cha pili alikaa mwanamke wa makamo yangu, Bi Salma, Muomani kama mimi, ila yeye kwao Tabora. Sisi wa Unguja tunawatania watu wa bara kwa Kiswahili chao, na wao wanatutania kwa maringo yetu, na bora kuliko matani mle ndani hakuna. Aliniona namtazama kichwani.

"Usiniangalie hivyo, dada. Nywele ni za dukani, nyusi ni za wanja, meno ni ya daktari. Kilicho changu ni huu mdomo tu."

"Na huo wangekupunguzia," nikamwambia.

Akacheka mpaka sista akaja kutazama mipira ya dripu. Kuanzia siku ile tukapangiwa siku moja, au tulijipangia, sikumbuki.

Baada ya dripu ya pili nywele zikatoka. Hazikutoka moja moja. Nilivua mtandio nikazikuta humo zote, kama kiota cha ndege. Zuweina akapiga ukelele. Thuraya akatia mafuta ya nazi kwenye kiganja akanipaka kichwa, taratibu, nyuma ya masikio mpaka shingoni, kama nilivyokuwa nikimpaka yeye mdogo. Sikuwahi kujua kichwa changu kina shimo dogo huku juu. Mtu anaishi na kichwa chake umri mzima hakijui.

Kucha zikawa nyeusi. Mate yakawa na ladha ya sarafu. Chai, ambayo sijawahi kuikosa, ikanuka kama dawa ya kuulia mende. Lakini nikwambie kilichonishinda kuliko hayo? Zuweina alinitoa jikoni. Mimi niliyepika harusi za watu kwa masufuria ya kukorogwa kwa mwiko wa mkono mzima, nikawekwa kwenye kochi na rimoti. Nikisimama, "Mama, kaa." Nikishika kisu, "Mama, weka." Alinilainishia chakula, akanilainishia na maneno. Nilihisi nnapungua, na si kwa ugonjwa.

Joto likavunjika. Maskati ikapata ile baridi yake ndogo ambayo watu wanavaa masweta kwa kujifurahisha, na familia zikawa zinakwenda Qurum kutandika mikeka pwani. Mimi nilikuwa nasubiri wenzake Thuraya waanze kumpigia simu za milima. Walimpigia. Nikamsikia kwenye kibaraza anasema hapana, mwaka huu hapana, na mwakani pia wasimuhesabu.

Nikamwita. "Umegombana nao?"

"Sikugombana, Bibi. Nimeacha tu. Nimekuwa mkubwa."

"Umekuwa mkubwa tangu Ijumaa? Maana Alkhamis ulikuwa unanionesha theluji."

Akainamisha uso. Aliyejibu ni Zuweina, anakunja nguo, na sauti yake ina fahari.

"Mama, mwache. Mtoto kaweka nadhiri. Siku uliyopelekwa hospitali ukiwa na homa, damu imeshuka, kasema: Mola akimponesha Bibi, mimi theluji nimeiacha maisha. Kitu anachokipenda kuliko vyote kakitoa kwa ajili yako."

Ilikuwa ni mimi wa kulia pale. Sikulia. Nilipandwa na hasira mpaka ganzi ya vidole ikaniwasha.

"Nani kakwambia mimi nnataka kununuliwa?"

"Bibi..."

"Hebu nyamaza. Nikipona, kila nikikaa mbele yako ntakuwa nnakaa juu ya hizo mbao zako mbili. Na nikifa je? Utasema hukutoa vya kutosha. Utatafuta kosa ulilofanya. Nakujua. Utazeeka unalitafuta."

"Mama, unamvunja moyo," Zuweina akasema. "Kafanya kwa mapenzi."

"Mapenzi nimeyaona. Sasa aivunje."

Zuweina akaacha nguo. "Aivunje nadhiri? Sasa hivi, na wewe hali hii? Na likitokea jambo?"

Hapo ndipo nilipoona kitu chenyewe. Hawakuwa wakinisikiliza mimi, walikuwa wakilisikiliza hilo jambo. Zuweina hakuwa na mama tena, alikuwa na deni la kuogopa. Na mjukuu wangu yuko katikati, kashika ncha ya kamba, anadhani akiiachia mimi ntaanguka.

Hili ndilo la tatu nililokuahidi, wewe uliyekaa chumba cha kungojea. Watu wako watataka kutoa kitu. Mmoja ataacha kazi, mmoja ataacha kucheka, mmoja ataahirisha harusi. Watakuja nacho kama tunu. Kipokee chakula, kipokee kipando, pokea mafuta ya nazi. Hicho chengine kirudishe, na ukirudishe mapema, kabla hakujajulikana kama utapona. Ukingoja upone, ataamini kilifanya kazi. Ukingoja usipone, ataamini hakikutosha. Njia zote mbili umemfunga.

Nikampigia Mwalimu wetu wa darsa ya wanawake. Mtu wa maneno machache. Akasema, "Nadhiri inafunga katika ibada, Bi Moza. Kuteleza juu ya theluji si sala wala saumu, hata mtu akiacha apate thawabu. Aende zake. Na kwa kuondosha shaka atoe kafara, alishe masikini kumi chakula kile mnachokula wenyewe. Basi." Niliweka simu sauti ya juu ili wote wasikie. Zuweina akasema Mwalimu asamehewe, lakini kwake yeye bora wangoje majibu ya kipimo kitakachofanywa dripu zikisha. Akaondoka kwenda kukunja nguo ambazo alikuwa kashazikunja.

Thuraya alikaa chini kwenye zulia, kichwa juu ya goti langu.

"Nipe muda, Bibi."

"Muda wa kukupa nnao mimi?"

Akacheka huku anafuta pua. "Basi hata mlima sijui. Wenzangu washakata tiketi za kwao. Mimi sijachagua."

"Ntakuchagulia mimi. Yallah, lete."

Ndivyo nilivyoingia kazi ya milima. Dripu mbili tatu zile za mwisho, ambazo ndizo nzito, sikuzihisi kama nilivyohisi za mwanzo, maana nilikuwa na shughuli. Thuraya aliniwekea kishikizo cha simu kwenye kimeza cha pembeni, mimi mkono mmoja kwenye mpira wa dawa, mmoja unavuta picha. Alinieleza kwamba njia za kuteremkia hupewa rangi. Kijani ya mtoto, buluu ya anayejifunza, nyekundu ya anayejiweza, nyeusi ya aliyebobea, ile iliyosimama kama ukuta.

"Na wewe wa rangi gani?"

"Nyeusi, Bibi," akasema kwa haya, kama kaulizwa uzito.

Wa kwanza niliupenda pale pale. Nikauita Bi Harusi. Taa kila mahali, hoteli zina maua madirishani, watoto mashavu mekundu wanacheka, na njia zake ni nyingi kupita milima yote, ukizipanga kutoka hapa utafika mjini Nizwa na kurudi.

"Huu," nikasema.

"Sawa, Bibi. Mzuri." Lakini alisema kwa ile sauti anayosema nikimuongezea wali na tumbo limejaa.

Bi Salma alikuwa kayafumba macho. Akafumbua moja. "Mtoto hebu. Hizo njia nyingi ni za rangi gani?"

"Kijani na buluu, Bibi. Nyeusi ziko mbili, fupi. Na kutoka moja hadi ya pili unapita buluu ndefu, unasukuma kwa fimbo."

"Dada Moza," Bi Salma akasema, "huyu mtu amebobea au anajifunza?"

"Amebobea."

"Sasa mbona unampeleka chekechea? Au ndiyo mambo ya Unguja, mtu mzima mnamlisha uji?"

Uji nilikuwa naujua mimi, nilikuwa nalishwa kila siku nyumbani. Nilikuwa namchagulia mtoto mlima wa mgonjwa.

Nikajisahihisha kwa kile nnachokijua. Nikinunua mchele wa harusi siulizi gunia ni kubwa kiasi gani, nauliza punje ni za aina gani. Wingi wa njia si kitu. Za kwake ni ngapi, na zimeungana? Na picha nazo hazisemi kitu. Kwetu mchumba akija kuposa, upande wake huleta sifa zake zote, kasoma, ana kazi, anasali. Hatumkatalii wala hatumkubalii. Tunamuulizia. Tunakwenda kwa jirani zake, kwa aliofanya nao kazi, kwa aliyekuwa mke wake kama yupo. Nikasema mlima nao unaposa, na mimi ntauulizia.

Thuraya akadhani natania. Nilimfanya apeleke ujumbe wa sauti kwa kila aliyewahi kufika, na majibu yakija nayasikiliza mimi, yeye ananitafsiria, na Bi Salma yuko pale kama shahidi.

Mlima wa pili niliuita Kipara. Huo njia nyeusi zilikuwa tele, na mrefu, theluji yake haiyeyuki upesi. Nikakaribia kukubali. Mara msichana mmoja aliyefanya kazi huko akaleta ujumbe: mti hakuna hata mmoja. Ukungu ukishuka mbingu na ardhi zinakuwa rangi moja, mtu hajui kama anateremka au kasimama, hata anatapika. Na upepo ukivuma vile viti vya kupandia vinasimamishwa, watu wanakaa hotelini kutwa wanatazamana.

"Mume wa sifa," akasema Bi Salma. "Barazani mzuri, ndani hakuna kitu."

Wa tatu ulikuwa Austria, hata picha zake zilikuwa za hovyo. Kijiji kidogo. Hoteli mbili za mbao. Viti vya kupandia vya zamani, vya polepole, unakaa unaganda. Chakula, kila aliyeulizwa alilalamika. Niliuita Mkwe, maana haukuwa na tabasamu kwa mtu yeyote. Lakini nilivyouulizia, majibu yakaanza kufanana. Njia nyeusi ndefu kutoka kileleni mpaka chini, moja inamkabidhi mtu kwa nyengine. Mteremko umelipa jua mgongo, kwa hivyo theluji haiyeyuki mchana ikaganda kioo usiku. Njia nyengine hawazipigi mashine kuzisawazisha, wanaziacha na unga wake wa theluji, na Thuraya aliposikia hilo aligeuza uso ili nisimuone, lakini nilimuona. Chini kuna misonobari, siku ya ukungu mtu anateremka akiifuata miti. Nje ya njia huendi peke yako, unakwenda na mtu wa pale pale, aliyezaliwa juu ya mlima, na kila mmoja anavaa kifaa cha kupiga mlio akifukiwa na poromoko la theluji, na koleo mgongoni.

Hapo nikaacha kuvuta picha. "Poromoko hutokea?"

"Hutokea, Bibi. Ndiyo maana kila asubuhi wanapima. Wakiona haifai wanafunga."

"Wanafunga kweli, au wanafunga kwa maneno?"

"Wanafunga. Watu wametoka mbali, wamelipa, wanalia, wanatukana, na wao wamefunga."

Nikamkumbuka daktari wangu. Mara moja nilikwenda nimejitayarisha kwa dripu, nimevaa soksi zangu, akasoma damu yangu akanirudisha nyumbani. Zuweina akambembeleza, akamkasirikia, na yeye katikisa kichwa tu. Wiki ile ndiyo nilianza kumuamini.

"Basi huyo," nikasema. "Mkwe."

Thuraya akaugusa mlima ule kwenye simu. "Huo ndio ningeuchagua mwenyewe."

"Najua. Sasa tukapike."

Kafara niliipika mimi. Zuweina alisema haiwezekani, chakula kinaweza kuagizwa, kuna watu wanapika kwa ajili ya hayo. Nikamwambia chakula kile mnachokula wenyewe, ndivyo Mwalimu alivyosema, na sisi tunakula changu. Nilivaa glavu kwa sababu vidole havikuwa vikijua moto, ningeungua nisihisi. Thuraya akakata vitunguu, vyake vinene kama vya mwanafunzi, nikamwacha. Pilau ya mbuzi. Nilipofunua sufuria, bizari ikanipiga puani, na kwa mara ya kwanza tangu dawa ianze, haikunuka dawa. Ilinuka bizari. Nikasimama pale na mfuniko mkononi, mvuke unanilowesha kichwa kitupu, nikamshukuru Mola kwa bizari.

Walaji tulishawajua. Nyuma yetu walikuwa wakijenga jengo, wafanyakazi wake wanakula mkate mkavu kivulini mwa ukuta, pesa zote wanazipeleka kwao. Sufuria lilikuwa zito. Nikalishika sikio moja, Thuraya moja, na sote wawili tukashindwa, mmoja kwa ugonjwa mmoja kwa wembamba. Nikasikia mtu nyuma yangu ananisukuma kwa nyonga. Zuweina. Uso umemvimba kwa kulia. Akashika sikio langu la sufuria, akamwambia binti yake, "Nyanyua, unangoja nini?" Wakateremka nalo.

Thuraya akaondoka kipindi kile kati ya dripu za mwisho na kisu. Kwenye mkoba wake nilimtilia achari na visheti, kwa ajili ya chakula cha Mkwe.

Majibu ya kipimo yalikuwa mchana, yeye yupo huko. Nilivaa soksi nzito. Nikakaa mbali na mlango, Zuweina kulia kwangu. Bi Salma hakuwa na miadi siku ile, lakini alikuja akakaa kushoto, anakula njugu na kutia maganda mfukoni. Daktari alituita. Hakuzungusha. Akasema dawa imefanya kazi vizuri kuliko alivyotaraji. Ile kokwa ya tende imenywea imekuwa punje ya choroko. Bado atakata ziwa lote, hilo halibadiliki, lakini atakata akiwa na matumaini. Zuweina akauficha uso kwa viganja. Mimi niliangalia viatu vya daktari. Alikuwa kavipiga rangi.

Tukatoka tukasimama ukumbini, na simu ikalia. Thuraya, kwa picha. Nyuma yake mbingu buluu kali, chini nyeupe, na ncha za mbao zake zimechungulia mahali ambapo mlima unakwisha. Mashavu mekundu, na pumzi yake moshi.

"Bibi! Niko juu. Kasemaje daktari?"

"Umekula?"

"Bibi, kasemaje? Wenzangu wananingoja. Nimewaambia siteremki mpaka nisikie. Ikiwa kheri, nateremka hii nyeusi. Ikiwa si kheri, narudi chini na kile kiti cha kupandia."

Basi nikajua. Tumeilipa kafara, watu wameshiba, na huyu mtoto ile kamba kaiokota tena, kaenda nayo mpaka Austria. Kaniweka tena juu ya zile mbao mbili.

"Njia imefunguliwa?" nikamuuliza.

"Imefunguliwa. Wamepima asubuhi, mwenyeji wetu yuko hapa."

"Miguu yako mizima?"

"Mizima. Bibi, niambie."

Zuweina alinyoosha mkono kuchukua simu. Machozi yanamtoka na anacheka. "Mama, si umwambie! Ni kheri, mwambie!" akaninong'oneza.

Nikaufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Kwa kuwa ni kheri ndiyo simwambii."

Akanitazama. Nilidhani atabisha. Kisha mkono wake ukashuka polepole, ukashika wangu wenye kucha nyeusi, ukakaa hapo.

"Thuraya," nikasema. "Teremka kwanza."

"Bibi, siwezi bila ya kujua."

"Unaweza. Umefanya haya miaka, na mimi mzima na mimi mgonjwa, ulikuwa hujui nina nini na ulikuwa unateremka. Yangu yako hapa, hayakimbii. Yako yako mbele ya miguu yako. Hebu yaangalie."

Nilisikia upepo, na mtu akimwita kwa lugha nyengine. Midomo yake ilitikisika. Niliogopa, sikufichi. Nilimuogopea yeye, nikaogopa ukuta ule mweupe, nikamfikiria Bi Harusi na maua yake na watoto wake. Lakini nilikuwa nimeuulizia mlima ule, na yeye nilimlea mwenyewe.

"Haya, Bibi," akasema.

Picha ikazimika, simu kaitia mfukoni bila ya kuikata. Tukabaki na sauti. Kwanza hakuna kitu. Kisha kishindo kimoja, kama mtu karuka kutoka kitandani, kisha mkwaruzo mrefu, ukakata, mkwaruzo, ukakata, unakwenda na kurudi kama mwiko kwenye sufuria kubwa. Na pumzi yake. Sisi watatu tumeinamia simu, watu wanapita na vitanda vya magurudumu, Bi Salma kasahau njugu kinywani. Mkwaruzo ukazidi kasi. Zuweina akaanza kusoma dua chini chini. Mara ukaingia ukimya, mrefu mno, nikadhani nimekufa mimi. Kisha kicheko. Cha Thuraya, cha tumboni, kile alichokuwa akikicheka mdogo akirushwa juu. Sikuwa nimekisikia tangu ule msimu wa tende.

Mkwaruzo ukapoa, ukasimama. Uso wake ukatokea umejaa unga mweupe mpaka kwenye kope.

"Niko chini, Bibi," akasema akihema. "Sasa sema."

Nikamwambia.